Kipimo cha juzi, maji ya leo: usalama wa kuogelea Dar unapimwaje?

Kila masika ikishika kasi, kwenye magrupu ya WhatsApp ya Dar huanza kuzunguka ile video. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yanamwagika baharini, chupa zinaelea, na sauti ya mtu asiyeonekana inasema, "Jamani, msiwapeleke watoto bichi, maji yameoza." Haipiti saa moja mwingine anarusha picha aliyopiga Kigamboni, bahari ya bluu kama ya kwenye kalenda, na maneno mawili chini yake: "Acheni uzushi." Grupu linagawanyika. Mmoja anamtaja binamu yake aliyeharisha wiki nzima baada ya Idd pale ufukwe wa Coco. Mwingine anajibu kwamba ameoga bahari hiyo tangu enzi za kaptula na hajawahi hata kukohoa.

Wote huenda wanasema kweli. Ila hakuna aliyejibu swali, kwa sababu "maji ya Dar ni salama?" ni swali lililoulizwa vibaya. Ni sawa na kuuliza kama barabara za Dar zina foleni. Ipi? Saa ngapi? Imenyesha?

Tuanze na kinachopimwa. Watu wakisikia "ubora wa maji ya kuogelea" hufikiria mafuta ya meli, plastiki, au kemikali za viwandani. Hayo yapo na yana madhara yake, lakini vipimo vinavyotumika duniani kote kumlinda anayeogelea vinahusu kitu kimoja zaidi, na tukiseme bila kuuma maneno: kinyesi. Ni kiasi gani cha kinyesi kimeingia kwenye maji ambayo wewe na mwanao mtayameza bila kutaka. (Kuzama na kuchukuliwa na mkondo ni hatari nyingine, tena kubwa zaidi. Maabara haiwezi kukuambia lolote kuhusu hizo.)

Na kumeza, mtameza. Uchunguzi mmoja uliofanyika Marekani kwenye bwawa la kuogelea ulikuta kwamba kwa dakika 45 majini mtu mzima humeza wastani wa mililita 16, yaani kijiko kimoja cha chakula na ushei. Watoto walimeza wastani wa mililita 37. Hapo ni bwawani, kusikokuwa na wimbi la kumpiga mtu usoni wakati anacheka.

Harufu ya kitunguu kwa jirani

Kinyesi cha binadamu kinaweza kubeba vimelea vya kila aina: virusi vya kuharisha na kutapika, homa ya ini aina ya A, bakteria wa homa ya matumbo. Kuvitafuta kimoja kimoja ni kazi ya siku nyingi na pesa nyingi, na ukikikosa kimoja haina maana kwamba kingine hakipo. Kwa hiyo wapimaji hutafuta dalili.

Ukiwa uani ukasikia harufu ya kitunguu kinakaangwa kwa jirani, unajua kuna mboga inapikwa. Hujui kama ni kuku au maharage, lakini unajua jiko limewashwa. Bakteria wa dalili hufanya kazi hiyo hiyo. Wao wenyewe mara nyingi hawakuumizi, kwani wanaishi kwa mamilioni kwenye utumbo wa kila mtu na wanyama wengi. Ila wakionekana kwa wingi baharini, ujue kuna kinyesi kimefika, na pamoja nacho huenda kuna hivyo vingine tusivyoviona.

Kwenye maji baridi ya mito na maziwa dalili inayotumika sana ni E. coli. Baharini hutumika zaidi kundi liitwalo enterokoki, kwa sababu wanavumilia chumvi kwa muda mrefu kuliko E. coli. Harufu inayopotea upesi haimsaidii mtu, na E. coli kwenye maji ya chumvi hupotea upesi mno.

Dalili hii ina kasoro zake, na ni vizuri kuzijua kabla hatujaanza kurushiana takwimu. Enterokoki hawana kitambulisho cha taifa. Wanaweza kutoka kwenye choo cha shimo, kwa mbuzi, kwa bata, au kwa wale kunguru wetu wanaogombea mabaki ya mihogo na mishikaki pale Coco tangu asubuhi mpaka jua linazama. Kinyesi cha kunguru si kitu cha kufurahia, lakini virusi vinavyomuumiza binadamu hasa hutoka kwa binadamu. Isitoshe, kwenye nchi za joto bakteria hawa huweza kukaa na hata kuongezeka kwenye udongo na mchanga, jambo ambalo watafiti wa Hawaii waliligundua zamani. Hivyo namba kubwa inakuambia uwe na wasiwasi, lakini haikuambii nani kaleta.

Chupa moja na siku nzima ya kusubiri

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mpimaji anaingia majini mpaka usawa wa kiuno au chini kidogo, mahali ambapo watu huogelea kweli, si pale penye maji masafi kwa ajili ya picha. Anashika chupa iliyotakaswa, anaifungua, anaizamisha mdomo ukiangalia chini mpaka kama sentimita 30, kisha anaigeuza ielekee mawimbi yanakotoka. Mkono wake hautakiwi kutangulia maji, la sivyo atapima mkono wake. Anafunga, anaandika mahali, saa, kama maji yanajaa au yanakupwa, kama imenyesha, kama kuna mtaro karibu. Chupa inaingia kwenye boksi la barafu na kukimbizwa maabara, kwa kawaida ndani ya saa 6, kwa sababu bakteria hawasimami kukusubiri.

Kule maabara, mililita 100, moja ya tano ya chupa ya nusu lita, zinapitishwa kwenye chujio lenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hawapiti. Chujio linalazwa kwenye chakula maalumu cha bakteria na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 41 kwa saa 24. Kila bakteria aliyekuwa hai anazaa, anazaa, mpaka anakuwa kidoa kinachoonekana kwa macho. Kesho yake mtu anahesabu vidoa. Hiyo ndiyo namba.

Sasa tazama saa. Chupa imechukuliwa Jumatatu saa 2 asubuhi, jibu linapatikana Jumanne mchana. Katikati hapo bahari imejaa na kupwa mara mbili, jua limewaka siku nzima, pengine usiku mvua imeshuka. Maji yaliyopimwa hayapo tena. Kutumia kipimo hicho kuamua kama uingie majini leo ni kama kusoma meseji ya salio la jana kisha ukaenda dukani kwa kujiamini. Pesa ilikuwepo, lakini jana.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema kupima hakuna faida. Kuna faida, ila si ile wanayoidhani. Meseji moja ya salio haisemi mengi. Meseji za miaka mitatu zinasema wewe ni mtu wa namna gani. Vipimo vya kila wiki, mwaka hadi mwaka, ufukwe ule ule, vinaonyesha tabia ya ufukwe: unachafuka baada ya mvua ya kiasi gani, unachukua siku ngapi kujisafisha, upande upi wa mtaro ni mbaya. Ukishaijua tabia unaweza kutabiri. Scotland wamefanya hivyo; wanatazama mvua na mito, kisha mbao za kielektroniki za ufukweni zinamwambia mtu hali inayotarajiwa siku hiyo hiyo. Siku hizi kuna pia vipimo vya vinasaba vinavyotoa jibu baada ya saa chache, na San Diego, Marekani, walianza kuvitumia rasmi mwaka 2022. Ni vya gharama, na vinahitaji maabara ya uhakika.

Namba zinasemaje

Shirika la Afya Duniani limegawa maji ya kuogelea katika ngazi nne kwa kufuata enterokoki kwenye mililita 100. Wao hawaangalii wastani. Wanauliza: katika kila vipimo 100, ile namba ambayo vipimo 95 havikuivuka ni ipi? Ni kama dereva wa daladala akikuambia safari zake 95 kati ya 100 hazizidi saa moja. Hajakuahidi kitu kuhusu zile tano, na ndizo zinazokuchelewesha kazini.

Namba hiyo ikiwa 40 au chini, maji ni ya ngazi ya juu, na uwezekano wa kuumwa tumbo kwa kuogelea mara moja ni chini ya mtu mmoja kati ya 100. Kati ya 41 na 200, ni mtu mmoja hadi watano. Kati ya 201 na 500, watano hadi kumi. Ikivuka 500, zaidi ya kumi kati ya 100. Angalia basi: hata kwenye maji mabaya kabisa, wengi hutoka wazima. Ndiyo maana yule wa enzi za kaptula hana hatia ya uongo. Amekuwa kati ya wale 90.

Ila kuna jambo ambalo hupitwa haraka. Tafiti zilizozaa ngazi hizo zilifanyika kwenye bahari ya Uingereza, kwa watu wazima wenye afya. Hawakuwa watoto wa miaka sita wanaokunywa bahari kama uji. Kwa hiyo mimi namba hizo huzisoma kwa tahadhari: kama zinakosea, basi zinaionyesha hatari ndogo kuliko ilivyo kwetu, si kubwa kuliko ilivyo.

Anayedhani hili ni tatizo la nchi maskini akumbuke Paris 2024. Ufaransa ilitumia takriban euro bilioni 1.4 kusafisha mto Seine, mto ambao kuogelea kulikuwa kumepigwa marufuku tangu 1923. Mvua ikanyesha siku ya ufunguzi wa Olimpiki, vipimo vikapanda, na mashindano ya wanaume ya triathloni (kuogelea, baiskeli na mbio) yakasogezwa kutoka tarehe 30 Julai hadi 31.

Mvua inapobisha hodi kwenye shimo

Dar, mtandao wa mabomba ya majitaka unafikia sehemu ndogo tu ya wakazi, na ule wa zamani wa katikati ya jiji ulijengwa ukimwaga baharini. Sisi wengine tuna vyoo vya shimo na makaro. Shimo likijaa, unaita gari la kunyonya, ukiwa na pesa na kama gari linaweza kupita uchochoroni kwenu. Lisipoweza, kuna njia nyingine ambayo kila aliyekulia bondeni anaijua hata kama hataisema mbele ya wageni: kutapisha. Mvua kubwa ikishuka usiku, mtu anafungua tundu pembeni ya shimo, na maji ya mvua yanamfanyia kazi. Asubuhi choo kina nafasi. Mzigo uko mtaroni, kutoka mtaroni unaingia mtoni, na mto unajua njia ya baharini.

Ramani ya Dar inasaidia hapa. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata na Jangwani, unamalizia daraja la Salenda, pale ambapo abiria wa daladala huziba pua bila kuambiwa. Kizinga na Mzinga huingia upande wa bandari. Mlalakua huishia baharini upande wa Kawe. Katikati yao kuna mitaro isiyo na majina, mingine ikikatiza mchanga wa ufukwe kabisa, imekauka miezi sita halafu ikafufuka kwa usiku mmoja. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu ndiyo mbaya kuliko zote, maana inakusanya kila kilichorundikana tangu mvua ya mwisho.

Mwaka jana Idd pili niliwapeleka wapwa zangu Coco. Imenyesha usiku wa kuamkia jana yake, jua limewaka, watu kama siafu. Nikawaacha dakika mbili nilipie mihogo. Niliporudi, mdogo ameshahama baharini, amekaa kwenye kijito kilichokuwa kinatiririka juu ya mchanga, maji ya magotini, ametengeneza bwawa kwa mikono na wenzake wanne asiowajua.

"Mjomba, njoo huku! Hapa maji ya moto, halafu hayana chumvi!"

Hayana chumvi. Mtoto ameshafanya kipimo na hajui. Maji yasiyo na chumvi ufukweni hayajatoka baharini. Yametoka mtaani, na kile kijito kilikuwa mdomo wa mtaro. Mahali hapo hakuna wimbi, hakuna kina, maji yana uvuguvugu, ndiyo maana watoto wanapapenda, na ndiyo maana kila mzazi anaona ni salama kuliko baharini.

Tunayoambiana

"Maji ya bahari ni dawa, yanaua kila kitu." Nimelelewa na kauli hii. Chumvi na jua hupunguza bakteria wa tumboni kweli, lakini huchukua muda, na virusi vingi huvumilia kuliko bakteria. Tena kuna bakteria wanaopenda maji ya chumvi yenye joto, na baadhi yao huingia kupitia kidonda. Mwenye kidonda kibichi, hasa mgonjwa wa kisukari au wa ini, asikitibu baharini.

"Alfajiri maji ni safi, hayajachezewa." Hapa mazoea yanatudanganya. Silaha kubwa dhidi ya bakteria ni jua, na alfajiri bakteria wamepumzika usiku mzima bila jua. Vipimo vya California vimeonyesha mara nyingi kwamba asubuhi namba huwa juu na mchana hushuka.

"Ukiona yamejaa mwani na yananuka, ni machafu." Mwani unaooza unanuka, lakini harufu hiyo haina maana kwamba kuna kinyesi. Kwa upande mwingine, maji angavu yanaweza kuwa na enterokoki 600, na jicho lako halitaona hata mmoja. Rangi ya kahawia ndiyo ya kuaminiwa kidogo, kwa sababu inakuambia mto umefika.

"Bahari ni kubwa, inameza yote." Bahari Hindi ni kubwa, ila wewe huogelei Bahari Hindi. Unaogelea mita 20 za kwanza, mahali ambapo maji ya mtaro hubanwa na mawimbi na kukumbatia ufukwe badala ya kwenda zake.

Kuna pia wanaoogopa kupata kichocho Coco. Konokono wanaobeba kichocho huishi maji baridi, baharini hawapo. Na kipindupindu, kama kile kilichoanza Dar Agosti 2015 kikasambaa nchini, njia yake kubwa ni maji ya kunywa na chakula. Kuzuia watu kuogelea hakungekizima.

Kabla ya kuvua viatu

Sijawahi kukuta ufukweni kwetu ubao ulioandikwa kipimo cha wiki iliyopita. Mpaka utakapokuwepo, anayeenda kuogelea inabidi afanye sehemu ya kazi ya mpimaji, ile ya kuangalia na kuandika, isiyohitaji maabara.

Swali la kwanza ni mvua. Idara za afya za California huwaambia watu wakae nje ya maji saa 72 baada ya mvua kubwa, na sioni sababu ya sisi wenye mashimo kuwa jasiri kuliko wao. La pili ni mtaro: tembea kushoto na kulia kabla ya kutandika khanga. Ukiuona, hata kama unachuruzika tu, sogea. Wenzetu hao hushauri umbali wa kama mita 100. La tatu, kama upo karibu na mdomo wa mto, angalia maji. Yanapokupwa, yanavuta uchafu wa mtoni kuuleta nje. Yanapojaa, bahari inausukuma kurudi ndani, na wavuvi wa Msasani watakutajia saa za leo bila kutazama simu. Jua likiwa limewaka saa kadhaa, afadhali. Watoto wafundishwe kufunga mdomo wimbi likija, na kunawa kabla ya kugusa mihogo, maana mchanga nao hushika bakteria.

Aliyeumwa tumbo baada ya kuogelea amwambie daktari kwamba aliogelea, wapi na lini. Tunaenda hospitali tunasema "nilikula kitu," na ufukwe unabaki hauna kumbukumbu yoyote dhidi yake.

Jumapili iliyopita wapwa walinidai tena. Imenyesha Jumamosi usiku, mpaka bati letu la nyuma likavuja. Tukaenda Coco hivyo hivyo, tukala mihogo na pilipili, tukaangalia mto wa rangi ya chai ukichora mstari wake kwenye bluu, mstari uliopinda taratibu ukafuata ufukwe. Mdogo alikaa kimya, akapiga hesabu kwa vidole.

"Mjomba, isiponyesha tena, Jumatano si tunaingia?"

"Jumatano uko shule."

"Basi Jumamosi. Ila isinyeshe Ijumaa."